Jinsi ya Kuhariri Maandishi ya Mkono kwenye Kompyuta ya Kalamu

Mtu anayeandika kwa kalamu juu ya kioo cha kompyuta kwa mara ya kwanza huona kama amepewa karatasi isiyokwisha, na kwa hiyo huitumia kama karatasi: akikosea hulikata neno kwa mstari, akisahau jambo huliandika pembeni na kuchora mshale, na nafasi ikimwishia hubana herufi mpaka zikakaribia kutosomeka. Baada ya mwezi mmoja daftari lake huwa na vurugu ileile ya daftari la karatasi, ila hili linahitaji chaji. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuisafisha kazi ya aina hiyo hatua kwa hatua, kwa kufuata utaratibu ninaoushikilia mimi mwenyewe: wino hurekebishwa ukiwa bado ni wino, na kazi ya kuugeuza kuwa herufi za chapa huja mwisho, tena kwa sehemu ile tu inayohitaji kugeuzwa.

Fahamu kwanza kinachohifadhiwa

Programu za daftari kama OneNote, Nebo, Goodnotes na Notability hazihifadhi mwandiko wako kama picha. Tangu ncha ya kalamu iguse kioo hadi inyanyuliwe, kompyuta hurekodi msururu wa nukta, kila nukta na mahali pake, na mara nyingi pia na kiasi cha mkandamizo wa mkono. Msururu huo mmoja nitauita mchirizi. Herufi "o" kwa kawaida ni mchirizi mmoja. Herufi "i" ni michirizi miwili, yaani kigongo chake na nukta yake. Na neno zima lililoandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha linaweza kuwa mchirizi mmoja mrefu. Apple Pencil ya kwanza, iliyotoka mwaka 2015 pamoja na iPad Pro, ilisomwa na kioo mara 240 kwa sekunde, kwa hiyo hata neno fupi hubeba mamia ya nukta.

Mambo mengi yanayomshangaza mtu wakati wa kuhariri yanatokana na hili. Kwa kuwa mchirizi ni kitu kinachojitegemea, unaweza kuuhamisha, kuukuza, kuubadilisha rangi au kuunenepesha bila ubora wake kupungua. Lakini kwa sababu hiyohiyo, programu haijui "neno" wala "sentensi" mpaka iwe imeutambua mwandiko wako, na inachokijua kwa hakika ni mchirizi tu. Ndiyo maana unapolisogeza neno "hii" unaweza kukuta vigongo vimekwenda na nukta mbili zimebaki zinaelea pale neno lilipokuwa.

Ikiwa hujui programu yako inahifadhi wino kwa namna gani, fanya jaribio dogo. Andika neno moja, kisha ulikuze ukurasa mara nne au tano. Kingo za herufi zikibaki laini, kuna michirizi chini yake. Zikionekana zimemegeka kama ngazi, unatumia programu ya kuchora inayohifadhi picha, na sehemu kubwa ya yanayofuata hapa haitakufaa. Kwa maandishi ya kawaida ningekushauri uhamie kwenye programu ya daftari.

Hatua ya kwanza: weka kalamu na mipangilio sawa

Fungua mipangilio ya kalamu na uhakikishe kwamba kompyuta inapuuza kiganja, kwa maana alama ndogo zinazoachwa na mkono ulioegemea kioo ni takataka zitakazokusumbua baadaye katika kila hatua. Angalia kitufe cha ubavuni mwa kalamu kinafanya kazi gani. Kwangu mimi kitufe hicho hakina kazi bora kuliko kuita kitanzi, yaani ile zana ya kuzungushia maandishi ili kuyateua, kwa sababu kifutio mara nyingi kina njia yake nyingine: kalamu nyingi za Surface zina kifutio mkiani, na Apple Pencil ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2018, hubadili zana ukiigonga mara mbili kwa kidole.

Wino ukitokea pembeni kidogo ya mahali ncha ilipogusa, isawazishe kalamu kabla ya kuendelea. Kwenye Windows kazi hiyo hufanyika katika mipangilio ya kompyuta ya kalamu, ambapo utatakiwa kugusa alama kadhaa zinazotokea kiooni, na ni vyema ukazigusa ukiwa umekaa jinsi unavyokaa unapoandika. Mtu anayeisawazisha kalamu huku kompyuta imelala mezani, kisha akaandika ameipakata, atarudi kulekule kwenye wino unaokwenda kombo.

Hatua ya pili: nakili ukurasa

Kabla ya marekebisho makubwa, tengeneza nakala ya ukurasa mzima na uiweke mwishoni mwa daftari. Amri ya kutendua, yaani kurudisha hali iliyokuwapo kabla ya badiliko la mwisho, ni msaada mkubwa, lakini programu nyingi husahau historia yake mara tu unapolifunga daftari.

Hatua ya tatu: tengeneza nafasi kabla ya kuandika chochote

Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi. Mtu anakumbuka sentensi aliyoiacha, anaibana kati ya mistari miwili kwa herufi ndogo, halafu anaanza kuhangaika kuipanga. Anza upande mwingine: fungua nafasi kwanza, ndipo uandike.

Windows Journal, programu ya daftari iliyokuja na Windows XP ya kompyuta za kalamu mwaka 2002, tayari ilikuwa na zana ya kuongeza na kupunguza nafasi, na OneNote inayo mpaka leo. Unaichagua, unaiweka kalamu juu ya mstari unaotaka kuusukuma, kisha unaburuta kuelekea chini. Kila kilicho chini ya hapo hushuka pamoja, michoro ikiwemo. Ukiburuta kuelekea juu nafasi tupu hupungua. Kuanzia iPadOS 18, toleo la mwaka 2024 la mfumo unaoendesha iPad, programu ya Notes ya Apple nayo huweza kusogeza maneno yaliyoandikwa kwa mkono ili kupisha mengine, na Nebo hupanga upya mistari yenyewe kadiri unavyoongeza na kupunguza.

Programu isipokuwa na zana kama hiyo, tumia kitanzi: zungushia kila kitu kuanzia mstari unaofuata hadi chini ya ukurasa, kisha ukishushe. Zingatia mambo mawili. Kwanza, kizungushie kwa upana, ukipita mbali na maandishi pande zote, ili usiache nukta na vijiti vya "t". Pili, kwenye programu zenye kurasa za urefu maalumu, mistari ya mwisho inaweza kushuka ikapita ukingo wa ukurasa; ikitokea hivyo, ikate mistari hiyo kabla ya kushusha na uibandike kwenye ukurasa mpya.

Hatua ya nne: chagua kifutio kinachofaa

Vipo vifutio vya aina mbili, na kutovitofautisha ndiko kunakosababisha hasara nyingi. Kifutio cha mchirizi huondoa mchirizi wote mara unapougusa popote. Kifutio cha nukta huondoa pale tu ulipopitisha kalamu, na mchirizi ulio chini yake hukatika vipande viwili vinavyojitegemea. Katika OneNote vyote viwili vimo kwenye menyu moja ya kifutio, kimoja kikiwa cha mchirizi na vingine vya ukubwa mbalimbali.

Kifutio cha mchirizi kinafaa kwa kuondoa neno zima au mstari uliokatwakatwa, maana ni chepesi na hakiachi mabaki. Lakini kina hatari yake. Niliwahi kuchora fremu ya jedwali bila kunyanyua kalamu, nikijivunia kwamba mistari yangu imenyooka, kisha nikataka kufuta tarakimu moja iliyoandikwa karibu mno na ukingo. Kifutio kikaigusa fremu, na fremu nzima ikatoweka. Kwa kuwa nilikuwa nimeukuza ukurasa, nilichokiona ni kona moja tu, na nikadhani nimefuta kipande kidogo. Niligundua keshoye, wakati hapakuwa na kitu cha kutendua. Tangu siku hiyo huchora fremu kwa michirizi minne, na kila nikimaliza kufuta huurudisha ukurasa katika ukubwa wake wa kawaida ili niutazame wote.

Neno lisilotakiwa lifute, usilikate kwa mstari. Juu ya karatasi mstari ulikuwa njia pekee, lakini hapa una hasara ya kiutendaji: programu inayosoma mwandiko wako kwa ajili ya kutafuta itajaribu kulisoma neno pamoja na mstari uliolipitia, na matokeo yake hayatafanana na neno lolote. Ikiwa ni lazima ionekane kwamba jambo fulani liliondolewa, kwa mfano katika kumbukumbu za mkutano, lipake rangi hafifu kwa kalamu ya kung'arisha na uandike pembeni kwamba limeondolewa.

Hatua ya tano: rekebisha neno moja kwa moja

Tuchukue mfano. Umeandika "mkutno" ukikusudia "mkutano", na mwandiko wako umeunganisha "t" na "n" kwa mkia mdogo. Ukizungushia kitanzi herufi "no" peke yake, programu ama itakataa kuziteua au itachukua mchirizi wote, kwa sababu kwake yeye "tno" ni kitu kimoja. Chukua kifutio cha nukta, kile kidogo kabisa, ukuze ukurasa, kisha gusa ule mkia unaounganisha "t" na "n" mara moja tu. Sasa una michirizi miwili. Zungushia "no" kwa kitanzi, isogeze kuelekea kulia kwa upana wa herufi moja na kidogo zaidi, gonga nje ya kitanzi ili kuachilia uteuzi, ndipo uandike "a" katika pengo. Kama kuna neno jingine linalofuata kwenye mstari huohuo, lizungushie pamoja na "no" tangu mwanzo, au maneno yatagongana.

Maelezo haya ni marefu kuliko kazi yenyewe, ambayo mtu aliyezoea huimaliza kwa sekunde chache. Hata hivyo ipo kanuni inayofaa kuiweka akilini: ikiwa unakusudia kuyageuza maandishi kuwa herufi za chapa, ni heri ufute neno lote na kuliandika upya kuliko kulitia viraka. Programu nyingi za utambuzi hazitazami umbo peke yake. Hutazama pia mfuatano wa michirizi jinsi ilivyotoka mkononi. Herufi iliyochomekwa katikati ya neno dakika kumi baadaye inaonekana sawa kwa jicho lako, lakini kwa programu inaweza kuwa kitu kilichoandikwa baada ya neno kwisha. Viraka vitumie katika daftari litakalobaki la wino.

Kuhusu kunenepesha herufi kwa kupitia juu yake mara ya pili, ushauri wangu ni mfupi: usifanye. Teua neno kwa kitanzi na ubadilishe unene au rangi yake kwenye menyu, ikiwa programu yako inaruhusu. Kila unapopitia herufi unaongeza michirizi mingine juu ya ile ya awali, na siku utakapotaka kufuta utalazimika kufuta tabaka baada ya tabaka.

Hatua ya sita: hamisha, panga, nyoosha

Baada ya makosa ya maneno kuondoka, geukia mpangilio wa ukurasa. Kitanzi hakifanyi kazi kwa namna moja kila mahali: zipo programu zinazoteua mchirizi pale tu sehemu yake kubwa inapokuwa ndani, na nyingine huuteua hata ukiguswa kidogo. Jaribu yako kwa neno moja ujue iko upande gani. Baada ya kuteua na kabla ya kusogeza, tazama alama ya uteuzi kwa makini, hasa juu ya herufi "i" na "j" na mwishoni mwa sentensi, ambako nukta hupenda kubaki.

Mistari iliyopanda kilima inaweza kunyooshwa kwa kuiteua mmoja mmoja na kuizungusha kidogo, ingawa zipo programu zenye amri ya kunyoosha mwandiko kwa pamoja. Jizuie kidogo hapa. Daftari si tangazo, na saa nzima iliyotumika kunyoosha mistari ya ukurasa utakaousoma mwenyewe ni saa iliyopotea. Nyoosha kichwa cha habari, jedwali na chochote kitakachosomwa na mtu mwingine, mengine yaache yalivyo.

Ukikuta aya iliyostahili kuwa ukurasa mwingine, ikate na kuibandika huko ikiwa bado imeteuliwa. Ukibandika kwenye programu tofauti, tarajia kwamba wino wako unaweza kufika kama picha, na ukishafika hivyo hautaharirika tena.

Hatua ya saba: jifunze ishara chache, si zote

Programu kadhaa huelewa ishara za kalamu, ili usilazimike kwenda kwenye menyu kila mara. Katika Nebo, na katika Scribble, zana ya iPad ya kuandika kwa kalamu iliyokuja na iPadOS 14 mwaka 2020, ukilikwaruza neno kwa kwenda na kurudi linafutika, na mstari wa wima kati ya herufi hutenganisha au kuunganisha maneno. Scribble hukuwezesha pia kulizungushia neno duara ili kuliteua, lakini kumbuka kwamba yenyewe hugeuza unachoandika kuwa herufi za chapa papo hapo, kwa hiyo ishara zake zinahusu maandishi ya chapa.

Ishara ya kukwaruza inatosha kwa kuanzia. Ikwaruze mistari yako kwa nguvu na kwa kubana, mara tatu au nne, kwa sababu mkwaruzo mlegevu huchukuliwa kuwa maandishi na utaishia na vurugu juu ya neno ulilotaka kuliondoa. Kwa upande wa pili, mtu mwenye mazoea ya kujaza visanduku kwa kupakapaka atashangaa kuona yaliyomo yanatoweka. Huyo na aizime ishara hiyo katika mipangilio.

Hatua ya nane: geuza kuwa chapa kile tu kinachotoka nje

Mwaka 1993 Apple ilitoa Newton MessagePad, kifaa kilichojaribu kuugeuza mwandiko kuwa chapa kadiri mtu alivyoandika, na makosa yake yakawa mengi hata yakafanyiwa mzaha katika katuni za magazeti. Utambuzi umeboreka sana tangu wakati huo, lakini funzo lake halijapitwa: neno lililogeuzwa vibaya ni baya kuliko mwandiko mbovu, kwa kuwa mwandiko mbovu wewe mwenyewe unaweza kuusoma, ilhali neno lililokosewa kwa herufi nzuri hukudanganya.

Tena, huhitaji kugeuza ili uweze kutafuta. OneNote na Goodnotes, miongoni mwa nyingine, huusoma wino kimyakimya na kukuletea ukurasa wenye neno unalolitafuta huku mwandiko ukibaki ulivyo. Geuza pale tu maandishi yanapokwenda kwenye barua, ripoti au mtu mwingine.

Unapogeuza, anza kwa kuweka lugha ya utambuzi, ikiwa programu yako inayo lugha uliyoiandikia. Kiswahili kikisomwa kwa msamiati wa lugha nyingine huvunjikavunjika: kitenzi kirefu kama "wasipowasilisha" hukatwa vipande, na alama iliyo katika "ng'ombe" huweza kusomwa kama mkato au herufi. Hata lugha ikiwa sahihi, pengo unaloliacha katikati ya neno refu linaweza kuhesabiwa kuwa mwisho wa neno, kwa hiyo maneno yaliyosambaa yasogezwe kwa kitanzi kabla ya kugeuza.

Geuza aya moja kwa wakati, wala si ukurasa mzima. Weka aya ya wino na aya ya chapa zikionekana pamoja, kisha soma ya chapa kwa sauti ya chini huku macho yakirudi kwenye wino. Majina ya watu, tarakimu na vifupisho vikague herufi kwa herufi, maana hapo msamiati wa programu haukusaidii: 1 na 7, 0 na "o", 5 na "s" hubadilishana nafasi bila kutoa dalili yoyote. Programu nyingi hukupa orodha ya maneno mbadala ukiligonga neno lililogeuzwa, na mara kwa mara lile sahihi huwa la pili au la tatu. Ikiwa zaidi ya neno moja katika kila mstari linahitaji kurekebishwa, acha. Kupiga chapa kwa kibodi kutakuwa kwepesi zaidi.

Michoro isiyohusika iondoe kwenye uteuzi kabla ya kugeuza. Mshale mmoja ulioingia ndani ya kitanzi unaweza kurudi kama herufi, na mstari wa chini ya kichwa cha habari ukarudi kama kistari.

Hatua ya mwisho: hifadhi kwa namna mbili

Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lilipitisha umbizo la wino, yaani muundo wa faili wa kuuhifadhia, liitwalo InkML mwaka 2011, lakini programu nyingi za daftari bado zina maumbizo yao wenyewe, na daftari la programu moja mara nyingi halihaririki katika nyingine. Windows Journal iliyotajwa hapo juu iliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2016, na waliokuwa na faili zake walilazimika kutafuta njia ya ziada ya kuzifungua. Kwa hiyo, kila unapomaliza kuhariri daftari muhimu, hifadhi faili asilia, ambayo ndiyo yenye michirizi inayoharirika, na utoe pia nakala ya PDF, ambayo itasomeka hata kama programu itatoweka. Faili hizo mbili zipe jina moja lenye tarehe, ziweke pamoja mahali pengine mbali na kompyuta unayoandikia, kisha fungua ile ya PDF na uikague mara moja hadi ukurasa wa mwisho, ukiangalia hasa kingo za kulia na za chini, kwa kuwa kwenye daftari lisilo na mipaka ya kurasa huko ndiko maneno hukatwa wakati wa kutoa nakala. Ukiridhika, rudi mwishoni mwa daftari na uifute ile nakala ya ukurasa uliyoitengeneza katika hatua ya pili.